Ubao wa Kukua Nao

Asteria mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nimekuona asubuhi hii ukila vipande vinne vya mkate umesimama, na mgonjwa hali hivyo. Mimi ni mgongo tu, na mgongo si habari. Umekwenda jengo la pili kuwaaga wenzako, umesema utarudi kabla ya giza. Kwa hiyo Jumapili hii nimebaki na meza, kalamu, na ndege za uwanja wa Pearson zinazotupitia juu ya paa. Barua ndefu sijaandika tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nivumilie mwandiko.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, lakini kusoma unaweza, nilikufundisha mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo za kanisani huku unalia. Usiiweke barua hii ukaisome kwenye ndege. Isome leo, kabla hujafunga mizigo, maana inahusu mzigo mmoja.

Mambo ya soksi, chakula, kusali na kupiga simu nyumbani sitayaandika. Umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kujibu lile swali la Alhamisi.

Alhamisi ulisimama mlango wa jikoni na mbao zako mbili za kutelezea kwenye theluji, ule mfupi kwapa la kushoto, ule mrefu mpya kwapa la kulia, ukasema, "Mama, kule niende na upi? Wameniambia nije na mmoja tu." Ukasema kwa Kiswahili. Miaka minane hukuwahi kuniuliza neno juu ya mbao, na mimi ndiye ninayezinoa na kuzipaka nta kila siku ya Mungu majira ya baridi. Nami, bila hata kugeuka kutoka kwenye sinki, nikasema, "Kwani kuna tofauti? Mtu anayevuka nchi nzima kwenda kuteleza, ateleze hata kwa sinia."

Kisha ukasema kwa Kiingereza kwamba basi, utamuuliza Brendan.

Afadhali ungesema utamuuliza paka.

Brendan wewe unamjua kwa sura, yule kijana wa mauzo pale dukani kwetu. Mimi namjua kwa kazi zake. Yeye anakaa juu kwenye taa na muziki. Mimi na Papa Deo, yule Mkongo wa Bukavu, tuko chini karakana. Anachouza yeye juu ndicho kinachoshuka kwetu kikiwa kimevunjika, na mara nyingine mnunuzi mwenyewe amevunjika pia.

Miaka kumi na mitatu nimekaa chini ya duka lile, hapa hapa Etobicoke, nikiwatazama watu wa Toronto wakichagua ubao, na sijaona watu wanaojidanganya kwa bidii namna ile. Kwanza wanatazama picha. Ubao una fuvu la kichwa, wanautaka. Una mbwa mwitu, wanautaka zaidi. Picha iko juu, theluji iko chini. Theluji haijawahi kuona picha hata moja. Papa Deo huwa anachungulia kwenye ngazi halafu anarudi akicheka.

"Mama Aste, kuya uone monsieur mumoja. Anachagua ubao sawa vile mutu anachagua rido ya nyumba." Rido kwao ni pazia.

"Na rido gani ameipenda?"

"Ya moto! Iko na moto mpaka kwa mukia."

"Uzito wake?"

"Eh, ule ni kuku. Ubao ni ya ng'ombe."

Basi kuku anatoka na ubao wa ng'ombe, mrefu, mgumu, uliotengenezwa kwa mtu mzito anayeshuka mlima mkubwa kwa kasi, na hapa mlima mkubwa hatuna. Kile kilima wanachokwenda, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini, kwetu Umatengo tungekilima chote kabla ya chakula cha mchana. Kwetu mteremko unachimbwa mashimo ya ngoro, shimo kwa shimo, ili udongo usiteleze mvua ikija. Babu zako wamezuia kuteleza vizazi na vizazi. Hawa wanapanga foleni ili wateleze. Hiyo ni dharau niliyokuja nayo sandukuni, na sijaimaliza.

Kuna yule anayesema yeye anafanya kila kitu: anaruka vyuma vilivyosimikwa kilimani, anapita msituni kwenye theluji ya kina, anakata kona kwa kasi. Ukimuuliza ameteleza mara ngapi, mara tatu. Kuna baba mwenye buti kubwa kama mitumbwi anataka ubao mwembamba, kwa sababu mwembamba ndio wa kisasa. Akiinama kukata kona, vidole vinaparuza theluji na yeye anakwenda chini kama gunia. Mkewe mwenye mguu wa mtoto anapewa ubao mpana kama mlango. Atauzungusha kwa maombi? Na Brendan anasema safi, safi, umependeza.

Papa Deo na mimi tunajua, wala hatukusomea. Ubao ukiulaza kwenye meza na kuukandamiza katikati, unakuambia ni wa nani. Ukiinama kirahisi, na pua na mkia vinalingana, huo ni wa kuchezea, wa kuruka na kuzunguka. Haujali umekwenda uso au kisogo, na ukikosea unakusamehe. Ukikataa kuinama, na pua ni ndefu kuliko mkia, huo ni wa milima mikubwa na watu wenye haraka. Ukiwa na haraka unakushika, ukisita unakutupa. Katikati kuna ule wa kila siku, usio na sifa, unaofaa mahali pengi, ambao wateja wanaupita kama wanavyompita mtu mwema kwenye harusi. Na urefu unaanza kupimwa kwa uzito wa mtu, siyo kwa kidevu wala pua kama wanavyopima kule juu. Ubao hauna macho ya kuona kidevu chako. Unaona kilo.

Hayo niliyajua mapema kuliko unavyodhani, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, shule yenu ilipanga safari ya kwenda kuteleza. Dukani walituruhusu wafanyakazi kuchukua mbao za msimu uliopita. Karakana nzima ilikuwa mbele yangu. Kulikuwa na ubao mdogo, laini, wa kijani, uliokufaa kabisa. Niliushika. Nikaurudisha. Nikachukua ule uliokupita kichwa.

Unajua kwa nini. Ni kwa sababu ile ile uliyoingilia darasa la kwanza na koti lililofika magotini, mikono imekunjwa mara tatu. Mimi mwenyewe sare ya darasa la kwanza niliivaa mpaka la tano. Bibi yako alisema, "Atakua nayo," na nilikua nayo, na ilipoanza kunienea vizuri ndipo nikatolewa shule. Kwetu nguo hainunuliwi ya mtoto wa leo, inanunuliwa ya yule atakayekuja. Koti linakubali. Sketi inakubali, unaitia pini. Ubao haukunjwi.

Papa Deo aliniona. Akasema, "Mama Aste, uyu ni ya mwanaume wa kilo makumi munane."

"Atakua nao."

"Atakua siku gani? Safari ni Ijumaa."

Nikamwambia ashike kazi yake. Kisha nikafunga vile vifungo vya miguu, wa kushoto ukae mbele, kwa sababu watu wengi hutanguliza wa kushoto. Fomu ya duka inamuuliza kila mteja: urefu, uzito, buti namba ngapi, mguu upi mbele. Wapumbavu wote wa Toronto nimewauliza mguu upi mbele. Wewe sikukuuliza.

Yaliyotokea kilimani unayajua wewe, mimi sikuwepo. Nilipigiwa simu. Nilipofika hospitali ulikuwa umekaa kitandani, mkono umefungwa kuanzia kiganjani hadi kiwiko, uso umekuwa wa majivu. Na neno langu la kwanza, mwanangu, sijalisahau, na najua hujalisahau, ingawa hatujalitaja hata siku moja. Nilisema, "Na ubao uko wapi?"

Sikuuliza kama unaumwa. Niliuliza ubao. Ulinitazama, ukanijibu kwa Kiingereza, taratibu, kama unamjibu mtu wa ofisini, kwamba ubao ni mzima, umebaki kwenye basi la shule. Na tulipokuwa tunarudi nyumbani nikaongeza, "Wenzako mbona hawakuanguka?"

Kabla ya siku ile ulikuwa unachanganya, Kiswahili kidogo, Kiingereza kidogo. Baada ya siku ile nilipewa Kiingereza kitupu. Kina mama wa kanisani wanasema watoto wa huku ndivyo walivyo. Nimewaacha waseme hivyo miaka minane, kwa sababu maelezo yao yalinifaa.

Nilidhani umeachana na mambo hayo. Kumbe baada ya majira mawili ya baridi ulikwenda tena, kwa ubao wa kuazima, kisha ukapata huo mfupi kwa kulea watoto wa jirani. Hukunishirikisha. Kila Jumamosi ukatoka na mfuko wako, na mimi nikatoka na begi langu la chakula, tukaagana kwenye lifti. Sikuja kukutazama hata mara moja. Nilisema Jumamosi duka linajaa, na ni kweli linajaa. Lakini kuna Jumapili, kuna sikukuu, na kilima hakikuhama. Sikutaka kukuona juu ya ubao kwa sababu ningeona kile kitanda. Badala ya kusema hivyo nikaona rahisi kudharau. Nilipoulizwa uko wapi, nilisema, "Huyo wangu yuko kwenye michezo ya watu walioshiba." Watu wakacheka. Mimi kwa kuchekesha watu sijambo.

Na uliponiambia umepata kazi ya kufundisha watoto kuteleza, kule kwenye milima ya British Columbia, nikasema sikuvuka bahari ili mwanangu aajiriwe kushuka mteremko. Sitakudanganya kwamba sasa naipenda kazi hiyo. Siipendi. Naiona kazi ya kuwafurahisha watoto wa watu wasio na shida. Lakini hukuniuliza kama naipenda. Uliniuliza uende na ubao upi.

Ndiyo maana jana nilizibeba zote mbili kwenye basi la Dixon, watu wakinitazama kama mwanamke aliyeiba milango. Nilikuambia nazipeleka kupakwa nta. Huo ulikuwa uongo nusu. Mtu wa karakana akitaka kumjua mteja hamuulizi mteja, maana mteja ni mwongo. Anapindua ubao.

Niliuweka ule mrefu kwanza. Uliununua Novemba kwa ushauri wa Brendan, kwamba milima ya kule ni mikubwa, na umeuchukua mara nne tu kilimani, nimehesabu. Ukingo wa chuma upande wa visigino umeshaanza kuwa butu katikati, na tumbo la ubao lina mikwaruzo iliyokingama. Ukingo wa upande wa vidole unang'aa kama ulivyotoka kiwandani. Alama hiyo naijua. Ni ya mtu aliyeuweka ubao kingamo, ameegemea nyuma, anakwangua theluji kwa visigino kutoka juu mpaka chini, akingoja mteremko uishe.

Papa Deo akaja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akasema, "Uyu mutu anaogopa."

"Ni wa mwanangu."

"Pardon, Mama Aste."

"Usiombe radhi. Umesema kweli."

Kisha nikaweka ule mfupi. Kingo zote mbili zimelika sawasawa. Pua ina makovu, mkia una makovu yale yale, kwa hiyo unakwenda uso na kisogo unavyotaka mwenyewe. Ubavuni kuna alama za vyuma ulivyoruka, na hazikutetemeka, zimenyooka. Na juu, kando ya kifungo cha kushoto, pale mguu uliofunguliwa ukawa huru unapokanyaga mtu akishuka kwenye kiti cha kamba cha kupandia mlima, rangi imekwisha kabisa. Mguu unaobaki huru ni wa nyuma. Kwa hiyo wako wa mbele ni wa kulia. Nikasimama na tupa mkononi nikasema kwa sauti, "Wa kulia." Papa Deo akadhani namwomba tupa nyingine, akaniletea.

Miaka kumi na tisa una mama, na mama ameambiwa mguu wako wa mbele na kipande cha mti. Nimewacheka watu wengi pale karakana. Hakuna aliyestahili kama mimi jana.

Lakini hilo halikuniuma kama hili. Ule mrefu nani aliununua? Siyo mimi. Novemba nilikuuliza mbona mrefu hivyo, ukasema kwa Kiingereza kwamba utakua nao. Nikacheka, nikadhani umegeuka Brendan. Jana ndipo nilipogundua sauti ile ni ya nani. Umefikia urefu wako tangu una miaka kumi na sita, huongezeki tena, na bado unanunua cha yule atakayekuja. Brendan hana akili ya kukufundisha jambo kubwa kama hilo. Ni mimi niliyekufundisha, kwa koti.

Basi jibu langu ni hili. Nenda na mfupi.

Kule hutashindana na mtu. Utakuwa mchana kutwa unarudi kinyumenyume mbele ya watoto wa miaka mitano, umewashika mikono, mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Ubao mgumu katika mwendo huo unakwama na kukuangusha, na ukikuangusha wewe unamwangusha na mtoto. Ule mfupi unakujua, nawe unaujua. Brendan atasema theluji ya kule ni ya kina na ubao mfupi unazama. Hapo kwa mara moja maishani mwake atakuwa amesema ukweli. Siku ya theluji ya kina sogeza vifungo nyuma kidogo ili pua ielee, au azima mwingine hapo hapo. Kila mlima wa namna hiyo una karakana chini yake, na chini humo kuna mtu kama mimi amekunja uso. Mwambie uzito wako kwa ukweli, atakupa kinachokufaa.

Ule mrefu ukibaki, sitautupa wala sitautengeneza rafu ya jikoni. Siku ukiniambia unauhitaji, nitautuma. Inawezekana kuna Asteria wa ubao huo. Mimi simjui, nawe bado humjui, na mtu usiyemjua hupakii mizigo yake.

Watakuletea mtoto mwenye ubao uliompita kichwa, na mama yake amesimama pembeni, amevimba kwa fahari. Mdharau, ana haki ya kudharauliwa. Lakini kabla ya hapo muulize mtoto mguu upi mbele.

Na lile neno la hospitali nililisema. Nimelitafutia sababu miaka yote hii: kwamba nilichanganyikiwa, kwamba ubao ulikuwa wa dukani, kwamba kwetu watu huuliza kitu kwa kuogopa kuuliza mtu. Sababu zote hizo nikizikandamiza zinainama. Nilikosea, Asteria. Nisamehe. Ukitaka kunijibu, nijibu kwa lugha yoyote.

Nimezinoa zote mbili na kuzipaka nta zote mbili, kwa muda ule ule na mkono ule ule. Nilitamani kuuacha mrefu ukiwa butu ili usichukulike. Hila za namna hiyo nimezifanya maisha yangu yote, na jana mkono ulikuwa umeshaanza kuniongoza huko nikaukataza. Zimesimama kwenye ukuta wa sebuleni na mfuko uko wazi sakafuni katikati yake. Mimi nimesema yangu, lakini anayekwenda ni wewe. Weka unaoutaka, ufunge zipu.

Kesho mfuko nitaubeba mimi mpaka chini. Lifti ikiwa mbovu tena, nitashuka nao ghorofa zote kumi na moja, na sitauliza ni upi, wala sitaupapasa njiani kujua.

Mama yako